Majivu ya asubuhi yanaamka mchana

Mvua imetuacha. Asubuhi kuna baridi na ukungu, mchana jua linachoma, na kila jioni tukitazama mbali tunaona mstari mwekundu juu ya vilima. Watoto wanaufurahia. Sisi tunaohesabu mbegu zilizobaki nyumbani hatuufurahii sana.

Juma hili tunataka kuongea juu ya moto. Tutaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe, maana si vizuri kuwafundisha wengine na kuficha yetu.

Kiangazi kilichopita, mwenzetu mmoja wa likelemba aliunguliwa na nyumba ya kupikia. Ilikuwa saa tisa ya mchana, saa ya upepo. Yeye alikuwa ameenda kuchota maji na bidoni mbili, watoto wakubwa walikuwa shambani. Watu waliona moshi nyuma ya nyumba, wakapiga kelele, lakini walipofika paa la manyasi lilikuwa limekwisha kushika. Juu ya mafiga, pale ambapo moshi unafukuza wadudu, alikuwa ametundika mahindi ya mbegu, na pembeni kulikuwa na gunia la karanga za kupanda mwezi wa tisa. Vyote viliungua. Cheche ziliruka mpaka kwa jirani, zikala ghala dogo la mpunga. Nyumba ya kulala ilipona kwa sababu ina mabati, na kwa sababu vijana walikuwa wepesi.

Usiku ule kila mtu alikuwa na jina mdomoni. Wengine walisema ni wawindaji, kwani siku mbili mbele walichoma pori nyuma ya kijiji. Wengine walisema ni vijana wanaotafuta panya. Jirani alisema maneno makali, na ilibaki kidogo mambo yafike kwa shefu. Kesho yake, jua lilipotoka, mama mwenyewe alizunguka nyuma ya jiko akaona njia ya moto. Ilianzia kwenye jalala, pale alipomwaga majivu ya asubuhi. Alikaa chini pale pale. Kisha akaja kutuambia, na hakuna aliyemlazimisha. Tunayaandika haya kwa ruhusa yake.

Siku ile tulinyamaza wote, kwa sababu kila mmoja wetu alikumbuka mahali anapomwaga majivu yake.

Basi neno letu la juma hili ni hili: moto wa porini tunaouogopa unaweza kutoka uani kwetu, na hata ule unaotoka mbali unaingia nyumbani kwa njia ambayo sisi tumeiacha wazi. Wawindaji tutawazungumzia, hatutawasahau. Lakini tuanze na majivu.

Kwa nini kwetu panawaka

Sisi wa kusini mwa Maniema hatuko kama ndugu zetu wa Lubutu na Punia, ambako msitu mkubwa unashika unyevu mwaka mzima. Kwetu msitu unakutana na mbuga. Mvua zinazoanza mwezi wa tisa mpaka wa tano zinakuza manyasi kupita kichwa cha mtu. Mvua ikisimama, manyasi yale yanakauka yakiwa yamesimama, na hewa inayapata pande zote. Ndiyo sababu yanashika upesi. Gogo linataka moto wa muda mrefu, lakini jani kavu linataka cheche moja tu. Tena jua likipanda na upepo ukiamka, hewa inakauka zaidi. Moto ambao alfajiri ungezimika wenyewe kwenye umande, saa nane ya mchana unakimbia kupita mtu.

Wataalamu wanaotazama dunia kwa satelaiti wanasema karibu asilimia 70 ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika. Katika miezi hii ya kiangazi chetu, mbuga za kusini mwa Kongo na za Angola ni kati ya mahali panapoonyesha moto mwingi kupita. Sehemu kubwa ya moto huo umewashwa na watu kwa kazi zao: kusafisha shamba, kuwinda, kuotesha majani mabichi kwa mifugo. Mababu walitumia moto na sisi tunautumia. Hatusemi moto ni adui. Tunasema ukishatoka mkononi, hauna mwenyewe tena.

Mfano wa karibu uko Tanzania. Tarehe 11 mwezi wa 10 mwaka 2020, moto ulianza juu ya mlima Kilimanjaro. Wakubwa wa hifadhi walisema inaonekana ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Moto wa kupashia chakula tu! Watu kwa mamia walipanda kuuzima, wanafunzi wakiwa kati yao, na bado uliendelea siku nyingi na kula zaidi ya kilomita za mraba 90 za mlima.

Mfano wa pili uko mbali, lakini unafanana na wa mwenzetu mpaka tulishangaa. Tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2023, mji wa Lahaina kwenye kisiwa cha Maui, huko Hawaii, Marekani, uliteketea kwa siku moja na watu zaidi ya 100 walikufa. Asubuhi nyaya za umeme zilikatika na kuwasha manyasi. Wazimamoto walikuja, wakauzima, wakaukalia kwa saa kadhaa, wakaona umekwisha, wakaondoka. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba moto uliomaliza mji mchana ulikuwa ule ule wa asubuhi, ulioamka upepo ulipozidi. Ulipata chakula katika manyasi makavu ya mashamba ya zamani yaliyoachwa bila kulimwa. Na kati ya manyasi yaliyojaa kisiwani kule, kuna aina ambayo asili yake ni Afrika, ilipelekwa kuwa chakula cha ng'ombe.

Watu wenye magari ya maji na mipira walidhani moto umekufa, na haukuwa umekufa. Sisi wenye bidoni moja tusijidanganye.

Majivu, mbabula na esansi

Kaa la moto likifunikwa na majivu linaweza kukaa hai siku tatu, hata nne. Tunalijua hili kupita mtu yeyote, kwa sababu ni namna ile ile tunayolinda moto usiku ili asubuhi tusitafute kiberiti. Tunafunika kaa kwa majivu, tunalala, alfajiri tunalifukua na kulipuliza. Sasa jiulize: kwa nini tunafikiri kaa lile lile, likimwagwa jalalani, litakufa lenyewe?

Dawa yake ni shimo. Chimba shimo la kina cha goti, hatua kumi na zaidi kutoka nyumba, mahali ambapo upepo wa mchana haupelekei kwenye paa. Fagia manyasi yote pembeni yake. Udongo uliotoa uache ukingoni, utakufaa. Ukimwaga majivu humo, mwagia maji, koroga kwa kijiti mpaka chini, mwagia tena. Kama kisima kimepungua na maji ni ya kupanga foleni, tupia udongo mpaka usione majivu. Kisha weka mgongo wa mkono karibu na juu yake, bila kugusa. Ukisikia joto, bado hajafa. Majivu yaliyokufa kabisa ni mbolea, peleka kwenye lengalenga zako.

Makala yaliyobaki kwenye mbabula usiyaache yaishe yenyewe nje penye upepo. Yatie kwenye chungu kizee chenye kifuniko. Yakikosa hewa yanazimika, na kesho utayatumia tena. Hapo umekinga moto na umeweka franka.

Kuni zisiegemee ukuta wa jiko. Wengi wetu tunazipanga pale ili zikauke, na kweli zinakauka, lakini moto ukifika umepata ngazi ya kupanda paani. Kama jiko lako ni la manyasi mpaka chini, jenga kaukuta ka udongo upande ambao upepo unatokea, kufika usawa wa kiuno, ili upepo usipige mafiga moja kwa moja. Ni kazi ya siku moja kwa watu wawili.

Nyumba nyingi siku hizi zina kijana mwenye motopikipiki, au mtu anayeuza esansi ya chupa barabarani. Esansi hailali ndani ya nyumba ya kulala wala jikoni. Harufu unayoisikia ndiyo inayowaka, na inaweza kufuata moto wa mshumaa au wa taa ukiwa bado mbali na chupa. Tuwaambie wamotari wetu bila kuwaonea haya: mafuta yakae peke yake nje, kwenye kivuli, chupa imefungwa, na hakuna kumimina kukiwa na giza na mshumaa mkononi.

Halafu kuna watoto. Shule zimefungwa, wako nasi mchana kutwa. Kiberiti kiwekwe mahali pa juu, na kihesabiwe. Wakubwa kidogo wanachoma pori ili kupata panya na simbiliki, na tukubali kwamba nyama ile mara nyingi inaishia kwenye chungu chetu. Tukiila na kushangilia, kisha kesho tukiwapiga kwa sababu ya moto, watashika neno lipi? Tuwaambie wazi: mitego tunakubali, kuchimba tunakubali, moto hapana. Na siku wakileta nyama yenye harufu ya pori lililoungua, tuwaulize waliipata wapi.

Uwanja mtupu kuzunguka nyumba

Bibi zetu walifagia uwanja mpaka udongo unang'aa. Tulidhani ni kwa uzuri na kwa kuona nyoka. Ulikuwa pia ulinzi wa moto, kwa kuwa moto hauwezi kupita mahali pasipo na kitu cha kula.

Hesabu mita 10 kutoka ukuta, pande zote. Hatua mbili za kwanza ziwe udongo mtupu, pasiwe na jani wala takataka. Zinazofuata, manyasi yafyekwe mafupi na yaliyofyekwa yaondolewe siku ile ile. Tumeona watu wanafyeka vizuri, halafu wanaacha marundo pale pale yakauke. Wamebadilisha manyasi yaliyosimama kuwa manyasi yaliyolala, hawajafanya kazi. Upande ambao pori liko karibu, au ambako mlima unashuka chini ya nyumba, ongeza mita, kwa kuwa moto unapanda mlima haraka kuliko unavyoshuka.

Angalieni lupango. Ukuta wa matete au wa manyasi unaogusa nyumba ni kama utambi wa taa: moto ukishika mwisho wake barabarani, utaufuata mpaka kwenye paa. Kateni kipande cha hatua tatu au nne kati ya lupango na nyumba. Majani makavu yanayoning'inia kwenye michikichi na migomba karibu na nyumba yatolewe. Mgomba wenyewe ni mzuri, shina lake lina maji, lakini majani yake makavu ni kiberiti. Na paa la manyasi lililozeeka, lenye vumbi na matundu, lishindiliwe na kuzibwa mapema, maana cheche inapenda kukaa ndani ya tundu.

Kuna jambo moja tuliloamua kikundini baada ya mwenzetu kuunguliwa: mbegu za nyumba moja zisilale zote mahali pamoja. Kila mama aligawa mbegu zake mara mbili. Sehemu moja inabaki juu ya moshi wa jiko lake, sehemu ya pili inalala kwa mwenzake wa kartiye nyingine, katika debe lililofungwa na lenye alama. Yeye pia anapokea za mwenzake. Haikutugharimu hata franka moja. Mwenzetu aliyeunguliwa alipanda mwezi wa tisa kwa mbegu za kuchangiwa, vikombe viwili kwa kila mama, na alituambia kwamba kuomba mbegu ni kugumu kuliko kuomba chakula. Tusingoje kuonja maneno hayo.

Karatasi nazo ziwekwe pamoja: kadi ya mchaguzi ambayo ndiyo kitambulisho chetu njiani, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ripoti za shule, daftari ya likelemba. Mfuko mmoja wa plastiki, karibu na mlango, na kila mtu mzima wa nyumba ajue uko wapi.

Lakini uwanja wako ukiwa safi, na wa jirani una manyasi mpaka dirishani, umelala bure. Cheche hairuki kwa kufuata mipaka ya viwanja. Fikirini nani kati yetu hawezi kufyeka: bibi anayekaa peke yake, mama aliyejifungua juzi, mjane ambaye watoto wake bado wadogo. Nyumba zao mara nyingi ndizo za manyasi, na ndizo zinazokaa mwisho wa kijiji, karibu na pori. Tukifanya salongo ya siku ya posho, tuanze na nyumba hizo. Tusifanye kama huruma. Nyumba ya bibi ikiwaka, yetu inafuata.

Kuchoma shamba

Mwezi wa nane unakaribia, na wengi watachoma mashamba ili kungoja mvua. Hatuwezi kuwaambia msichome, hatuna trakta. Tunawaambia mchome kwa akili.

Kwanza, pande zote za shamba paundwe njia tupu ya mita nne au tano, iliyolimwa au kufagiwa mpaka udongo, kabla ya kiberiti kutoka mfukoni. Pili, waambie wenye mashamba ya jirani siku na saa, ili asiwepo mtu anayechimba muhogo upande wa pili. Tatu, chagua saa. Asubuhi umande ukiwa bado haujaisha kabisa, au jioni upepo umelala. Mchana wa upepo usiwashe, hata kama wanaume wamekwisha kufika na pombe imekwisha kununuliwa. Nne, pawe na watu wanne au watano wenye matawi mabichi na bidoni za maji, kila upande mmoja. Na usiondoke moto ukilala. Ondoka moshi ukiisha. Rudi usiku, gizani kaa linaonekana vizuri, na rudi tena kesho yake mchana upepo ukianza. Magogo na visiki ndivyo vinavyoficha moto siku nyingi.

Mahali ambapo pori lazima lichomwe, ni heri kuchoma mapema, kiangazi kinapoanza, manyasi yakiwa bado na ubichi chini. Moto wa wakati huo unakwenda polepole na kuacha mabaka yaliyoungua ambayo yatasimamisha moto mkali wa mwezi wa nane. Mkichelewa mpaka kila kitu kimekauka, msiwashe karibu na kijiji.

Moto ukifika

Mtu wa kwanza kuona apige kelele au ngoma kabla ya kukimbilia maji. Watoto, wazee na wagonjwa wapelekwe mara moja mahali patupu: uwanja wa mpira, uwanja wa shule, shamba lililokwisha kulimwa, au pori ambalo limekwisha kuungua na kupoa. Chagueni mahali hapo leo, mkiwa mmetulia, na mwonyeshe watoto. Mtu asikimbie mbele ya moto kupanda mlima. Moto utamfikia.

Wanaozima wapige kingo za moto kwa matawi mabichi, wakitokea ubavuni na upande uliokwisha kuungua, wakisukuma moto kurudi kwenye weusi. Asisimame mtu mbele yake, manyasi yakiwa marefu. Wengine wabaki nyumbani wakilowesha mapaa na kutazama cheche, kwa sababu paa linaweza kushika nyuma ya migongo ya watu wanaozima. Vitenge vya nailoni vinayeyuka kwenye ngozi, vaeni pamba. Kama nguo ya mtu imeshika moto, asikimbie. Mwangusheni chini, mviringisheni, au mfunikeni na blanketi zito.

Mtu akiungua, maji baridi safi yapite juu ya kidonda kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu, mtoto atalia, endelea, ila sehemu nyingine za mwili wake zifunikwe asipate baridi. Mvue shanga, pete na nguo zilizo karibu na kidonda, lakini kilichoganda kwenye ngozi kiache. Usipake mawese, majivu, dawa ya meno, yai wala udongo. Vinashika joto ndani na kuleta uchafu. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kwenye kituo cha afya, hasa kama ni mtoto, au kama ni uso, mikono au sehemu za siri. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba watu wapata 180,000 wanakufa kila mwaka kwa kuungua, na wengi kati yao ni wa nchi kama yetu. Mahali pa hatari zaidi kwa wamama na watoto ni jikoni, si porini.

Tukiongea na wanaume

Tulisema hatutawasahau wawindaji. Kweli wapo wanaozungushia pori moto ili wanyama watoke, kisha wanabeba nyama na kuacha moto ujitafutie njia. Kanuni ya Misitu ya nchi yetu, ya tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka 2002, ina vifungu vya kuadhibu wanaochoma misitu ovyo. Lakini sheria iko mbali, na shefu wetu yuko karibu. Kila kikundi kiende kwa shefu wake mwanzoni mwa kiangazi, wamama watatu au wanne, kwa heshima, na kumwomba mambo mawili. Kwanza, asiwepo mtu wa kuwasha pori bila kumjulisha yeye. Pili, yapite matangazo msikitini siku ya Ijumaa na kanisani siku ya Mungu, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Na tukienda, tuende mikono yetu ikiwa safi. Mwanaume akituuliza, "Ninyi wamama, majivu yenu mnamwaga wapi?" tuweze kumshika mkono na kumwonyesha shimo. Mwenzetu aliyeunguliwa ndiye anayeongea kwa nguvu kupita wote mbele ya shefu siku hizi, na watu wanamsikiliza, kwa sababu alianza na kosa lake mwenyewe. Jirani aliyemtolea maneno makali alikuja kumsaidia kujenga jiko jipya. Liko mbali na nyumba, lina kaukuta ka udongo, na nyuma yake, hatua kumi na tano, kuna shimo.

Kazi ya juma hili, wamama, ni ndogo. Kesho asubuhi, kabla ya kupika, kila mmoja azunguke nyuma ya jiko lake na kutazama jalala kama anatazama kitu cha mtu mwingine. Achimbe shimo. Siku ya posho tukutane na majembe, tuanze na nyumba za mwisho wa kijiji. Kwenye mkutano wenu jibuni maswali haya matatu: nani kati yetu hawezi kufyeka, mbegu zetu zinalala wapi, na watoto wetu wanajua wakimbilie wapi?

Juma linalokuja tutaongea juu ya maji ya visima yanayopungua, na namna ya kuyasafisha kabla ya kunywa. Mbaki salama, na mlale moto ukiwa umezimwa.